Maswali yanayoulizwa sana: kuwasha, kuzoesha injini na kuendesha gari ya zamani bila kumalizia hela sheli (kwa sisi wa Mbeya, Njombe na Iringa)

Kila ikifika mwezi wa sita baridi ikikaza, watu wananiuliza yale yale, kwahiyo nimeona niyaandike yote sehemu moja. Mi nakaa Uyole, naendesha Corolla ya 1990 ya kabureta (kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa), na kabla ya hapo nilijifunzia kwenye Land Rover 109 ya mzee. Nikisema gari ya zamani namaanisha hizo za kabureta pamoja na injection (zinazopuliza mafuta kwa kutumia kompyuta) za miaka ya tisini kama Corolla 100, 110, Carina, Starlet na ndugu zao. Utaona narudia sana neno joto, na sababu ni kwamba huku kwetu mafuta mengi yanapotea wakati injini iko ya baridi, wala sio kwenye mwendo kama watu wanavyodhani.

Gari nilinunua Dar ilikuwa inatumia vizuri tu, imefika Mbeya inakunywa mafuta na mlimani haina nguvu. Nimeuziwa mbovu?

Inawezekana sio mbovu. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa ya huku ni nyepesi, presha yake ni kama asilimia 82 tu ya ile ya pwani. Injini inaishi kwa hewa, ikivuta hewa pungufu inatoa nguvu pungufu, kwahiyo gari yoyote isiyo na tabo (kile cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini) ikipanda huku inapoteza kama moja ya sita ya nguvu zake na hakuna fundi wa kuzirudisha.

Ila kunywa mafuta hiyo inatibika. Kabureta iliyosetiwa Dar haijui kwamba imehama, inaendelea kumwaga petroli ya Dar kwenye hewa ya Mbeya, mchanganyiko unakuwa mzito, unaona moshi mweusi nyuma na ukifungua plagi unakuta masizi meusi makavu kama ya chungu cha kuni. Hapo tafuta fundi anayejua kabureta kweli akuwekee jeti (kitundu cha kupitishia petroli) ndogo zaidi. Skrubu ile ya pembeni inarekebisha sailensi tu (mngurumo wa gari ikiwa imesimama), mwendoni haisaidii kitu, na wengi wanaishia hapo hapo kwenye skrubu. Taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) nayo inaweza kusogezwa mbele digrii mbili tatu kwa sababu huku injini haigongi kirahisi. Lakini ukihama kurudi pwani, au kama kila siku uko Kyela kule chini, irudishe, la sivyo injini itagonga na pistoni zitaumia.

Gari za injection zinapima hewa zenyewe na kupunguza mafuta. Hiyo ikikunywa angalia sensa, plagi na thamostati kwanza.

Asubuhi inagoma kuwaka kabisa, naizungusha mpaka betri inakata. Naiwashaje?

Kwanza zima kila kitu, taa, redio, feni, kila kinachovuta umeme. Kama ni manyuo kanyaga klachi mpaka chini hata kama iko fri, maana oili ya gia boksi asubuhi inakuwa nzito kama asali na usipokanyaga staata inazungusha injini na gia kwa pamoja. Kama ina choki ya mkono (ile ya kubana hewa ili petroli izidi wakati wa baridi) vuta yote. Kama choki yake ni ya otomatiki kanyaga mafuta mara moja mpaka mwisho halafu achia, hapo ndo choki inajifunga, sasa toa mguu. Washa. Usizungushe zaidi ya sekunde kumi, ikikataa subiri nusu dakika betri ipumue na staata ipoe, rudia tena. Watu wanaua staata kwa kung'ang'ania ufunguo.

Ikishika, usiibamize mafuta. Muda huo oili bado haijafika juu kwenye kamshafti na kelele ile ya chuma unayoisikia sekunde za kwanza ni chuma kwa chuma kweli. Iache ijishike yenyewe.

Gari za injection wala usikanyage mafuta. Weka swichi oni, subiri sekunde mbili pampu ijaze presha, ndo uwashe.

Niiache ingurume dakika ngapi kabla ya kuondoka? Jirani yangu anaacha nusu saa.

Nusu dakika, ikizidi sana dakika moja, halafu ondoka taratibu. Nusu saa ni hasara mara mbili. Injini ikiwa sailensi haipati joto haraka, inachelewa kwenye ubaridi wakati choki bado imevutwa, na petroli ile ya ziada haiungui yote, inateremka ukutani kwa silinda inaosha oili na kushukia chini kwenye sampu (bakuli la oili). Chomoa kijiti cha oili, paka kidogo kidoleni na unuse. Ikinuka petroli, oili hiyo imekuwa maji, haishiki tena, na beringi zinalika.

Gari inapata joto haraka ikiwa inatembea na mzigo mdogo. Kwahiyo nenda pole kilomita tatu nne za mwanzo, usivute gia kwa nguvu, choki irudishe kidogo kidogo kadiri injini inavyokubali, isibaki nje ukaisahau mpaka Mwanjelwa. Dada mmoja alikuja analalamika Starlet yake ya kabureta inakunywa, nikapanda naye, tumetoka Igawilo tumefika Kabwe choki bado iko nje robo. Hilo tu ndo lilikuwa tatizo.

Fundi ametoa thamostati anasema ni ugonjwa tu, gari za huku haziihitaji. Ni kweli?

Hapana, na naomba hili ulisome taratibu kwa sababu ndo linalokula hela za watu wengi hapa mkoani.

Thamostati ni kimlango kinachoziba maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake, nyingi zinafunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Fundi wa joto la Dar akiona gari inachemsha anaitoa, na watu wamebeba tabia hiyo mpaka huku kwenye baridi. Ukiitoa, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, na huku upepo wa asubuhi wa Julai unaipooza injini muda wote. Mshale wa joto hauamki. Kabureta inabaki kwenye choki, injection inadhani bado ni asubuhi na kuendelea kumwaga mafuta, oili haikauki unyevu wake, chini ya kifuniko cha oili unakuta utando mweupe kama maziwa ya mgando.

Yangu ilitolewa na fundi bila kuniambia nilipopeleka kubadilishwa hozi. Nikaendesha miezi minne sielewi kwanini kila wiki niko sheli, mpaka siku nimefungua mwenyewe nyumba yake nikaikuta tupu, gasketi imepakwa gundi na ndani hakuna kitu. Iliniuma sana, kwa sababu mafuta niliyochoma muda ule yangenunua thamostati nyingi tu mpya.

Kuipima ni rahisi. Ifunge uzi, ining'inize kwenye sufuria ya maji jikoni isiguse chini, washa moto. Maji yakiwa ya uvuguvugu haifanyi kitu. Yakikaribia kuchemka utaona kile kisahani cha katikati kinainuka pole pole kwenye springi yake, kama kope la mtu anayeamka. Mbeya maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94, inatosha kabisa kuifungua ile ya 82. Ikikataa kufunguka, au ukikuta imebaki wazi hata ikiwa ya baridi, tupa nunua nyingine.

Na gari ikichemsha ukiwa na thamostati nzima, ugonjwa uko kwingine, rejeta imeziba, kifuniko chake kimechoka, pampu ya maji, au gasketi ya hedi. Tibu hiyo. Hivyo hivyo kwa feni iliyofungwa dairekti inayozunguka muda wote, irudishwe kwenye swichi yake.

Imelowa, nasikia harufu ya petroli na haiwaki.

Rudisha choki ndani, kanyaga mafuta mpaka mwisho USIPAMPU, shikilia hapo hapo ukiwasha. Hewa inaingia nyingi inakausha. Ikishindikana toa plagi, zikaushe, zirudishe.

Kuisukuma kunaharibu gari?

Manyuo ya kabureta haina shida, weka gia ya pili, swichi oni, klachi chini, ikishika mwendo achia klachi haraka ukanyage tena ikiwaka. Gia ya kwanza inarusha watu. Injection ikiwa betri imekufa kabisa hata ukisukuma mpaka Soweto haiwaki, pampu ya mafuta inataka umeme. Otomatiki usihangaike kabisa.

Huku wengi tunapaki kwenye mteremko ili asubuhi iserereke, sawa, ila weka na jiwe kwenye tairi, hendibreki za gari hizi haziaminiki na watoto wanacheza chini hapo.

Betri mpya lakini asubuhi inachoka, kwanini?

Baridi inapunguza nguvu ya betri, ikikaribia nyuzi sifuri kama Makete na Njombe inapoteza kama theluthi, na wakati huo huo injini ni nzito kuzunguka. Lakini mara nyingi tatizo ni vichwa vya betri kuwa na ule unga mweupe au wa kijani. Mwagia maji ya moto, sugua, kaza, paka grisi. Waya wa athi unaoenda kwenye bodi na injini nao usafishe. Ukiwa na mita, betri iliyoshiba inasoma 12.6, na gari ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.4. Chini ya hapo altaneta au mkanda.

Nakaa Tukuyu, mvua na ukungu kila siku, gari inamisi asubuhi halafu baadae inakaa sawa.

Unyevu umeingia kwenye disibuta (inayogawa umeme kwenda kwenye plagi) au waya za plagi zimechoka. Usiku wa giza fungua boneti injini ikiwa inawaka, ukiona vicheche vya bluu vinatembea juu ya waya, hizo badilisha. Asubuhi futa kifuniko cha disibuta ndani na nje kwa kitambaa kikavu. Kila cheche inayotoroka ni petroli inayotoka nyuma bila kuungua.

Gari za dizeli je?

Subiri taa ya hita (zile za kupasha moto ndani ya silinda) izime kabla ya kuwasha, kwenye baridi kali rudia mara mbili. Kama inatoa moshi mweupe mwingi na kutetemeka halafu inatulia, hita moja au mbili zimekufa. Usiivutishe kwa kunyunyizia petroli kwenye eya klina, watu wamepasua pistoni hivyo.

Oili gani?

Kwa injini iliyochoka 20W-50 inafaa mjini Mbeya. Kwa Makete, Njombe, Mafinga, gari ambayo inalala nje, 15W-40 au 10W-40 inafika juu haraka zaidi asubuhi, na ile namba ya kabla ya W ndo inayosema habari za baridi. Muhimu kuliko namba ni kuibadilisha kwa wakati, hasa kama safari zako ni fupi fupi za nyumbani sokoni, maana hizo ndo zinachafua oili kuliko safari ya Iringa.

Nimepiga ovahoo, ringi mpya beringi mpya. Naizoeshaje?

Hapa ndo hela yako yote inalindwa au inapotea, na inaamuliwa kwenye kilomita mia chache za mwanzo.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, toa plagi zote, zungusha kwa staata vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Maana yake oili imefika. Rudisha plagi, washa. Injini za zamani zenye tapeti bapa kama ile ya Land Rover, ikishawaka usiache sailensi, shikilia mzunguko kama 1,500 mpaka 2,000 kwa dakika ishirini hivi kama kamshafti ni mpya, huku unaangalia inapovuja na mshale wa joto.

Baada ya hapo itoe barabarani siku hiyo hiyo. Kosa kubwa ninaloliona ni mtu kuionea huruma injini, anaiacha ingurume uwanjani siku tatu au anatembea nayo 40 muda wote gia ya juu. Ringi mpya zinakaa sawa na silinda kwa kusukumwa na presha ya moto, na presha inakuja ukikanyaga mafuta. Ukiidekeza, ukuta wa silinda unang'aa kama kioo, ringi hazishiki tena, na injini mpya inakula oili maisha yake yote.

Mi nilifanya hivi: Uyole mpaka Igurusi halafu kule chini Usangu ambako barabara imenyooka. Gia ya tatu, kutoka 40 nakanyaga vizuri mpaka 70, naachia mguu gari ijipunguze yenyewe na injini mpaka 40, narudia kama mara kumi, katikati naiacha ipoe kwa mwendo wa kawaida. Kukanyaga kunabana ringi nje, kuachia kunavuta oili juu kuosha vumbi la chuma. Nikarudi nyumbani.

Kilomita 500 za mwanzo badilisha mwendo mara kwa mara usikae kwenye spidi moja, usizidi 70 au 80, usibebe gunia za viazi, usivute gari ya mtu, na mlima shusha gia mapema injini isiteseke. Kwenye 500 mwaga oili na filta. Utaona vinavyong'aa ndani ya oili ukiimwaga juani, hivyo ndo vilikuwa vinazunguka kwenye beringi zako. Mwaga tena kwenye 1,000. Tumia oili ya kawaida ya madini, sintetiki inateleza mno kwa ringi mpya. Na kama kitabu cha injini yako kinataka bolti za hedi zikazwe tena, zikaze kama kinavyoelekeza. Kula oili kidogo mwanzoni ni kawaida.

Kwenye mteremko nikiweka fri au nikizima gari si naokoa mafuta?

Usifanye. Nasema hivi nikiwa nimeona malori na gari ndogo zilizobaki vyuma tu pale Inyala, Iwambi na Kitonga.

Ukizima injini, nyongeza ya breki inayotegemea mvuto wa injini inabaki na mikanyago miwili mitatu tu, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama ukuta. Usukani wa pawa unakuwa mzito, na ukigeuza ufunguo vibaya usukani unajifunga. Ukiweka fri injini ikiwaka, breki peke yake ndo inabeba uzito wote, inapata moto mpaka oili yake inachemka na pedali inazama.

Na mafuta yenyewe huokoi. Gari za injection ukiteremka kwenye gia bila kukanyaga, kompyuta inakata mafuta kabisa, injini inazungushwa na tairi, wakati fri inabidi inywe ili isizime. Kwa kabureta tofauti ni kijiko tu. Teremka kwa gia ile ile ambayo ungepandia, breki guso fupi la nguvu halafu achia zipoe. Otomatiki zima O/D (gia ya juu kabisa) kwa kitufe chake au weka 2.

Na kupanda?

Usiibane kwenye gia kubwa mpaka ianze kugonga na kutetemeka, shusha gia kabla haijachoka. Mguu robo tatu, usikanyage mpaka mwisho, maana kabureta nyingi zikikanyagwa mwisho zinafungua njia ya pili ya mafuta na nguvu unayopata ni ndogo. Nyuma ya malori ya Tunduma acha nafasi kubwa ili usiwe unasimama na kuanza upya, kuanza upya mlimani ndo kunakunywa.

Spidi gani inakula kidogo?

Kati ya 70 na 80 kwenye gia ya juu. Upepo unaopinga gari unakua kwa mraba wa mwendo, kutoka 80 kwenda 110 unakaribia kuwa mara mbili. Keria juu ya paa nayo inavuta hata ikiwa tupu, ishushe kama hubebi. Upepo wa tairi pima asubuhi zikiwa za baridi, gari ndogo nyingi ni kama psi 30, angalia kibandiko mlangoni.

Kujaza mafuta asubuhi kuna faida? Na zile sumaku za kufunga kwenye bomba?

Tangi za sheli ziko chini ya ardhi, joto lake halibadiliki asubuhi na mchana, jaza saa yoyote. Sumaku hazifanyi kitu. Hela hiyo nunua filta ya hewa, hasa kama unapita barabara za vumbi.

Nina Land Rover ya zamani, nasikia petroli ya siku hizi inaiharibu.

Petroli yenye risasi iliachwa Afrika kusini mwa Sahara tangu 2006, na risasi ilikuwa inalinda viti vya valvu laini vya injini za zamani. Ukiona kila miezi michache fundi anarekebisha tapeti kwa sababu nafasi inapungua, viti vinalika. Siku ya kufungua hedi weka viti vigumu, basi imeisha. Mpaka siku hiyo usiikimbize.

Nitajuaje kama nilichofanya kimesaidia?

Jaza tangi mpaka pampu ikate, andika kilomita. Tembea wiki nzima kama kawaida, rudi sheli ile ile pampu ile ile, jaza tena mpaka ikate, gawa kilomita kwa lita zilizoingia. Geji ya mafuta ya gari hizi usiiamini na mara moja haitoshi, fanya mara tatu. EWURA wanatoa bei mpya Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwahiyo ukipima kwa shilingi utajidanganya, pima kwa lita.

Yangu bila thamostati ilikuwa kilomita 212 kwa lita 21.5, yaani hata kumi kwa lita haifiki. Nimerudisha thamostati na plagi mpya, njia zile zile za Uyole mpaka mjini, sasa hivi inanipa 12.